"Mama, damu yako ni tisa"

Mdogo wangu alitoka chumba cha vipimo ameishika kadi ya kliniki kwa mikono miwili, kama mwanafunzi aliyepewa matokeo ya mtihani. "Dada, wamesema damu yangu ni tisa. Mtoto anapata kweli?" Mimba ilikuwa ya wiki 26, uzazi wake wa kwanza. Nesi alikuwa amemwambia ale mboga za majani na asiache vidonge vya kuongeza damu, kisha akaita jina linalofuata. Benchi la nje lilikuwa limejaa akina mama, sikumlaumu. Lakini swali lilibaki palepale, na najua wajawazito wengi hurudi nalo nyumbani vilevile. Mtoto anapata nini, anakipataje, na hiyo tisa inamnyima nini?

Tisa ni gramu za himoglobini zilizomo katika mililita 100 za damu. Himoglobini ni protini yenye madini ya chuma ndani yake. Ndiyo inayoipa damu wekundu na ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Kliniki nyingi hutumia tone la kidoleni na mashine ndogo inayokaa kiganjani, na chini ya dakika moja jibu liko tayari. Tone hilo lina taratibu zake. La kwanza hufutwa kwa pamba, na kidole hakikamuliwi, kwa sababu ukikamua, maji ya mwilini hujichanganya na damu na namba hushuka bure. Mdogo wangu alisema kidole chake kilikamuliwa hasa. Tuliomba apimwe tena, ikasoma 9.4. Bado ilikuwa chini, ila ilikuwa namba ya kweli, na hapo ndipo pa kuanzia.

Mwili wa mjamzito huongeza damu kwa mpango ambao ukiutazama haraka utadhani una kasoro. Kufikia miezi ya mwisho, maji ya damu, yaani plazima, huwa yameongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha awali. Chembe nyekundu nazo huongezeka, ila kwa robo hivi. Fikiria sufuria ya uji. Umeongeza unga, umeongeza maji, lakini maji umeyazidisha. Unga uliomo sufuriani ni mwingi kuliko mwanzo na bado uji umekuwa mwepesi. Kwa hiyo namba ya himoglobini hushuka hata kwa mwanamke mwenye afya njema, mwenye chembe nyekundu nyingi kuliko alizokuwa nazo kabla ya kushika mimba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halitumii kipimo kimoja kwa miezi yote tisa: ni upungufu wa damu ukiwa chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza, chini ya 10.5 katika mitatu ya katikati, na chini ya 11 tena katika mitatu ya mwisho. Chini ya 7 ni upungufu mkali. Hizo ni namba za watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Anayeishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwili wake hutengeneza himoglobini zaidi kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, hivyo 11 yake haina uzito sawa na 11 ya mwenzake wa Tanga.

Wepesi huo una kazi. Damu nzito hupita kwa shida kwenye mishipa myembamba, na mtoto hutegemea damu inayopita. Mwaka 1995 ulitoka utafiti wa mimba zaidi ya 150,000 katika eneo la kaskazini magharibi mwa London, ukionyesha jambo lililowashtua wengi: watoto wachache zaidi wenye uzito pungufu walizaliwa na wanawake ambao himoglobini yao ilishuka hadi kati ya 9.6 na 10.5. Wale ambao yao haikushuka kabisa walizaa watoto wadogo zaidi. Tafadhali usilichukue hili kama ruhusa ya kupuuza 9.4 ya mdogo wangu. Wengi wa wanawake wale walikula vizuri na hawakuishi na malaria. Damu yao ilishuka kwa sababu maji yaliongezeka kama inavyotakiwa. Huku kwetu mara nyingi inashuka kwa sababu unga wenyewe hautoshi. Namba ni ileile, sababu ni mbili tofauti, na mashine ya kiganjani haiwezi kuzitenganisha.

Upande wa pili haupewi uzito unaostahili. Mjamzito wa wiki 32 akipimwa na kukutwa na 14, hupongezwa: "Mama una damu nyingi!" Huenda ni afya tu. Lakini huenda maji hayakuongezeka, uji umebaki mzito, na hali hiyo huandamana na presha ya mimba, kifafa cha mimba, na mtoto aliyedumaa tumboni. Mama wa namna hiyo apimwe presha na mkojo kwa makini, na kimo cha mimba kifuatiliwe. Pongezi zisubiri kidogo.

Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Watu wengi hudhani damu ya mama huingia moja kwa moja kwa mtoto kupitia kitovu. Ukweli unaonekana ukitazama kondo la nyuma baada ya kuzaa, likiwa limewekwa kwenye beseni. Lina uzito wa karibu nusu kilo. Upande uliokuwa umeshikamana na mji wa mimba ni mwekundu wa maini, umegawanyika vipande kama kumi na tano au ishirini. Geuza upande wa mtoto: unateleza, una rangi ya kijivu inayoelekea samawati, na mishipa imetapakaa kutoka kitovuni kama mizizi ya mti. Ndani yake mizizi hiyo hugawanyika kuwa nyuzi nyembamba mno, nazo huogelea katika dimbwi la damu ya mama. Oksijeni na chakula huvuka ukuta mwembamba wa nyuzi hizo, na uchafu wa mtoto hurudi kwa njia hiyohiyo. Ukizikunjua zote na kuzitandaza, zingefunika zaidi ya mita kumi za mraba, sawa na sakafu ya chumba cha kulala.

Dimbwi hilo hujazwa na mishipa ya mama ambayo hubadilishwa umbo katika nusu ya kwanza ya mimba. Seli za kondo huingia ndani ya mishipa hiyo, hulegeza kuta zake na kuipanua, mpaka inakuwa mifereji mipana isiyoweza tena kujibana. Kazi hii ikifanyika sawasawa, mimba inapokaribia kuiva nusu lita ya damu na zaidi hupita hapo kila dakika. Ikikwama, mama anaweza kuwa na himoglobini nzuri kabisa na mtoto akabaki na njaa, kwa sababu mzigo upo na barabara ni nyembamba. Kwa hiyo tunapouliza kama mtoto anapata, tunauliza mambo mawili kwa pamoja: kilichobebwa na damu, na njia inayopitia.

Kwa kilichobebwa, mtoto ana nguvu ya ajabu. Himoglobini yake ni ya aina tofauti na ya mama, hushika oksijeni kwa nguvu zaidi, hivyo hata palipo na kidogo yeye hukivuta upande wake. Kondo nalo limejaa vipokezi vinavyodaka chuma kwenye damu ya mama, na husukuma chuma hicho upande mmoja tu, kwenda kwa mtoto. Mama akipungukiwa, kondo linaweza hata kukua kupita kawaida ili kufidia. Akina mama husema mtoto anamnyonya mzazi wake tangu tumboni, na hawajakosea. Mama huanza kuishiwa kabla ya mtoto: huchoka, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, kope kwa ndani na viganja hupauka.

Ila kuvuta kuna mwisho. Upungufu ukiwa mkali, au ukianza mapema, mtoto hupunguza kasi ya kukua ili aishi na alichonacho, au uchungu huja kabla ya wakati. Wote wawili watasajiliwa kama watoto wenye uzito chini ya kilo 2.5, lakini si hali moja: mmoja ni njiti aliyezaliwa mapema, mwingine ametimiza wiki zake na hakukua. Jambo linaloniuma ni kwamba upungufu wa miezi mitatu ya mwanzo ndio unaohusishwa zaidi na madhara haya, wakati wengi wetu tunaanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Tunapimwa damu kwa mara ya kwanza wakati msingi umeshajengwa.

Kuna pia deni ambalo halionekani kwenye mizani. Sehemu kubwa ya chuma cha akiba mtoto huipokea katika miezi mitatu ya mwisho, na akiba hiyo ndiyo humvusha miezi sita ya kwanza, kwa kuwa maziwa ya mama yana chuma kidogo. Chuma hicho hakijengi damu peke yake. Ubongo hukitumia kutengeneza utando unaofunika nyuzi za fahamu. Mtoto anaweza kuzaliwa na kilo tatu zake, akalia vizuri, na bado akawa ameingia duniani na ghala nusu.

Sasa, unga unapungua kwa nini? Mimba moja huhitaji takriban miligramu 1,000 za chuma. Ni gramu moja tu, uzito wa punje mbili tatu za maharage. Karibu 300 huenda kwa mtoto na kondo, karibu 500 hutengeneza chembe nyekundu mpya za mama, nyingine hupotea mwilini kama kawaida. Mwishoni mwa mimba mwili unataka kufyonza zaidi ya miligramu sita kwa siku, wakati mlo wa ugali, maharage na mchicha bila nyama wala samaki mara nyingi hauupi zaidi ya moja au mbili. Hesabu haifungi kwa mchicha peke yake, na mama anayeambiwa "kula mboga za majani" kisha namba isipande asihukumiwe kuwa mzembe. Chuma cha nyama, dagaa na samaki hufyonzwa kirahisi. Cha maharage na majani hufyonzwa kwa shida, lakini hupata msaada mkubwa kukiwa na chungwa, pera, embe au ndimu katika mlo huohuo. Maini yana chuma kingi, ila yana vitamini A nyingi pia, kwa hiyo mjamzito, hasa wa miezi ya mwanzo, ale kidogo na si kila siku. Na rangi nyekundu isitudanganye. Bitiruti na juisi ya rozela ni vinywaji vizuri, lakini wekundu wake hauhusiani na wekundu wa damu.

Tulipokaa na mdogo wangu kupitia siku yake, tulikuta mambo mawili. La kwanza: vidonge alimeza kila asubuhi bila kukosa, akivisukumia na chai ya rangi kali, chapati mkononi. Majani ya chai hukishika chuma tumboni kabla mwili haujakifikia. Miezi miwili alikuwa mwaminifu kwa dawa iliyokuwa ikiishia chooni. La pili alilitoa mwenyewe kwenye mkoba, kwa aibu: mfuko mdogo wa udongo, zile pemba zinazouzwa sokoni kwa wajawazito. Hamu ya udongo yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, kisha udongo nao hushika chuma kilichobaki, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au hata madini ya risasi yenye sumu. Sikumgombeza. Mwili wake ulikuwa ukiomba kitu na ukikosea mahali pa kukitafuta.

Minyoo nayo ina historia ndefu katika lugha yetu. Waswahili walishaita safura ugonjwa wa kupauka na kuvimba unaoletwa na minyoo wanaojining'iniza kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, mchana na usiku. Ndiyo sababu dawa ya minyoo hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Foliki asidi, vitamini iliyomo kwenye vidonge hivyo vya kuongeza damu, husaidia kuzalisha chembe nyekundu, na katika wiki nne za kwanza baada ya mimba kutungwa huhitajika kufunga uti wa mgongo wa mtoto. Ikikosekana wakati huo, hatari ya mgongo wazi hupanda, na mama wengi huwa hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Ingefaa ianze kumezwa kabla ya mimba. Mwenye selimundu (sikoseli) ana njia yake: chembe zake huvunjika haraka, huhitaji foliki asidi zaidi, na kama amewahi kuongezewa damu mara nyingi, chuma kinaweza kuwa kimemjaa tayari. Asipewe vidonge vya chuma kwa mazoea.

Malaria inastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu hupiga sehemu zote mbili, mzigo na barabara. Vimelea huvunja chembe nyekundu, hilo tunalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba vimelea vya mjamzito hujificha kwenye kondo. Chembe zilizoambukizwa hunata kwenye kuta za zile nyuzi, dimbwi hujaa takataka na uvimbe, na chakula cha mtoto hupita kwa taabu. Kipimo cha kidoleni kinaweza kusema hakuna malaria wakati kondo limejaa. Mwenye mimba ya kwanza ndiye aliye hatarini zaidi, hata kama amekulia kwenye mbu, kwa kuwa mwili wake haujawahi kukutana na vimelea wa aina inayonata kwenye kondo. Kwa mimba zinazofuata kinga hujengeka. Sehemu ya elimu hii imetokana na kazi ya miaka mingi Muheza, Tanga, ya kuwafuatilia akina mama na watoto wao. Vile vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria, unavyomezeshwa mbele ya nesi kuanzia mwezi wa nne, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu, vinalilinda kondo. Anayetumia septrini hapewi SP. Na foliki asidi ya kiwango kikubwa, miligramu 5 kwa siku, hudhoofisha SP, wakati ile ya 0.4 iliyo kwenye vidonge vya kawaida haina shida.

Malaria pia ndiyo iliyozua hofu ya vidonge vyenyewe. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo kutoka kisiwa cha Pemba: watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi katika eneo lenye malaria kali walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Vimelea navyo vinapenda chuma. Ikabidi iulizwe, je, na wajawazito tunawalisha vimelea wao? Mwaka 2015 majibu mawili yalitoka Afrika Mashariki. Nyanza, Kenya, wanawake 470 waligawanywa, wengine wakapewa miligramu 60 za chuma kila siku na wengine kidonge kisicho na dawa. Malaria haikuongezeka kwa waliopewa chuma, na watoto wao walizaliwa wazito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Dar es Salaam, wanawake 1,500 ambao hawakuwa na upungufu wa damu wala wa chuma walipimwa kwa namna hiyohiyo. Malaria ya kondo haikuongezeka pia, uzito wa watoto haukubadilika, lakini mama wachache zaidi walifika siku ya kujifungua wakiwa na upungufu. Yaweke majibu haya pamoja na utaona kidonge kinafanya nini: kinamkuza mtoto pale ambapo chuma kilikuwa kimepungua kweli, na kwa mwenye cha kutosha kinamlinda mama. Katika nchi ambayo takwimu za kitaifa za 2015/16 zilikuta asilimia 57 ya wajawazito wana upungufu wa damu, mimi nasema vimezwe, pamoja na chandarua na SP.

Najua kwa nini havimezwi. Vinachafua moyo, vinafunga choo, vinafanya kinyesi kiwe cheusi, na ladha ya chuma hukaa mdomoni. Kinyesi cheusi si hatari. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku kabla ya kulala, na kama tumbo tupu linakusumbua, meza baada ya chakula, utafyonza pungufu kidogo kuliko kuacha kabisa. Chai na kahawa zikae mbali kwa saa mbili. Mwenye upungufu hupewa kiwango maradufu, miligramu 120, na namba ikitii hupanda kwa gramu moja hivi kwa mwezi. Isipopanda na vidonge vinamezwa sawasawa, usikubali kuambiwa uongeze mchicha. Omba watafute malaria, minyoo, selimundu, damu inayopotea mahali. Chini ya 7 ni suala la hospitali, na mimba ikiwa imekwenda mbali daktari anaweza kuamua chuma cha kuchomwa mshipani au kuongezewa damu. Kuzaa hupoteza damu hata mambo yakienda vizuri. Kiasi ambacho mwenye 12 atakivumilia kinaweza kumwangusha mwenye 6.

Mdogo wangu alihamishia chai saa kumi jioni. Vidonge akaanza kumeza usiku na maji ya ndimu. Udongo ulimshinda wiki mbili, kisha hamu ikapungua yenyewe, kama inavyokuwa chuma kinapoanza kurudi. Wiki ya 34 kadi ilisoma 10.7. Siku ya kujifungua tulimwomba mkunga asikibane kitovu mara moja. Alitikisa kichwa kukubali, akamlaza mtoto juu ya kifua cha mama yake, akaweka vidole viwili juu ya kitovu na kusubiri. Dakika moja mpaka tatu za kusubiri hivyo humpa mtoto mililita 80 hivi za damu yake mwenyewe iliyobaki kwenye kondo, pamoja na chuma kilichomo. Nilikiona kitovu kikipiga, kikipiga polepole, kisha kikalala cheupe. Ndipo akakibana.

Mizani ilisoma kilo 2.9. Vidonge havijaisha, mama anaendelea navyo miezi mitatu baada ya kuzaa, maana ghala lililokombwa ni la kwake. Kopo liko juu ya kabati, karibu na nepi, na chai bado ni saa kumi.